Mwalimu Saada Anakwenda Shule, Mpisheni Njia

Hiyo karatasi mnayoizungusha ikunjwe. Nawasema nyinyi wazazi wa Kidato cha Nne, na wewe mwenyekiti wa kamati unayejifanya huijui, na walimu wawili waliotia sahihi halafu leo asubuhi wakaja jikoni kwangu kuomba chai kama watu wema. Mnataka Mwalimu Saada Mbaruku asubiri "kidogo tu" mpaka mtihani wa taifa uishe mwezi ujao. Chuo kinafunga usajili tarehe mosi Novemba. Mtihani unaanza tarehe kumi na moja. Mimi niliyeishia darasa la nne nimeiona hesabu hiyo. Nyinyi wenye vyeti imewashindaje?

Haya. Sasa nianze kama nilivyoagizwa.

Mwalimu Saada Mbaruku anastaafu leo, Ijumaa tarehe 18 Oktoba 2024, siku anayotimiza miaka sitini. Ametumikia serikali miaka thelathini na minne na miezi tisa. Ishirini na tisa kati ya hiyo ameitumia hapa hapa Sekondari ya Nanjiva, kata ya Marambo. Mkuu wetu wa Shule, Mwalimu Teofili, aliniita ofisini akasema Bibi Sikuzani, katika watumishi wote waliobaki ni wewe peke yako uliyemwona siku anafika, basi wewe ndiye utakayeandika wasifu wake wa kuwekwa kwenye ratiba ya sherehe. Akanipa na karatasi ya mfano. Imeandikwa wasifu uwe mfupi, uchangamshe, usiwe na malumbano. Kuchangamsha nitajitahidi. Mwalimu Fatma ndiye aliyenipigia chapa, na nimemkataza kunirekebisha.

Mwalimu Saada alizaliwa Mandawa, upande wa Ruangwa, kwa mzee Mbaruku na Bi Munira, watu wa korosho na ufuta. Alisoma, akafaulu, akaenda chuo cha ualimu, akaanza kazi Januari 1990 katika sekondari moja mjini Nachingwea. Mwaka 1995 wazazi wa hapa walipomaliza kuchoma matofali yao na kuezeka madarasa mawili, yeye mwenyewe aliomba aletwe. Wenzake wa mjini walimshangaa. Mtu ana umeme, ana maji ya bomba, anaomba kupelekwa porini!

Alifika juu ya trela la trekta, amekaa kwenye gunia la mahindi ya shule, amekumbatia kitu ndani ya kanga. Mimi nilikuwa mpishi mpya, nina wiki mbili kazini. Nikamkimbilia nikasema shuka mama, nipe mtoto nimshike. Akanipa. Lo, mtoto mzito, tena wa baridi! Kufunua kanga, hadubini. Alikuwa ameinunua mwenyewe kwa mtu aliyekuwa anahama. Tangu siku hiyo amekuwa akiniita Mama Safina, kwa jina la binti yangu wa kwanza, na mimi namwita Mwalimu, hata tukiwa wawili.

Maabara yake ilikuwa stoo iliyopakana ukuta na jiko langu, na ujirani huo ulinitesa. Chujio langu la chai lilivua viluwiluwi mtoni. Sufuria yangu ndogo ilichemsha majani ya mhogo mpaka yakawa meupe kama karatasi, nami nikafikiri ni mboga mpya nikaitia chumvi. Siku moja niliingia kutafuta sinia nikakuta chura amelazwa juu yake chali, mikono huku na huku, watoto arobaini wamemzunguka wanachora moyo wake. Nilifoka siku nzima. Jioni yule Mwalimu wenu alikuja na sinia jipya kutoka dukani Nachingwea, akaniambia, Mama Safina, hili la kwako, lile la zamani sasa ni la serikali. Nilinuna, halafu nikacheka.

Kuna na habari ya vifuko. Mikorosho ilipokuwa inatoa maua, Mwalimu aliwapeleka wanafunzi kwenye shamba la jirani wakafunga baadhi ya maua kwa vifuko vya chandarua. Alitaka ajue ua lisiloguswa na mdudu litazaa au halizai. Kesho yake watu wakaona mkorosho umevalishwa vitambaa vyeupe, ikasemwa shamba limetegwa uchawi. Wakafungua vyote na kuvichoma. Mwalimu hakugombana na mtu. Mwaka uliofuata aliwaita wenye mashamba wafunge vifuko kwa mikono yao wenyewe, kila mtu na mti wake. Miezi miwili baadaye walikuwa wanatembeleana kukagua vifuko kama watu wanaotazama wali wa sherehe. Chini ya vifuko hapakuwa na kitu cha kuokota. Tangu hapo hakuna mzee wa Marambo anayeua nzi wa maua mbele yake.

Yale mahesabu ya wadudu ameyaandika kila msimu, hapa na kwa mama yake Mandawa. Ana madaftari kumi na tisa. Wanafunzi wake ni wauguzi, waganga, mabwana shamba, walimu. Mkunga aliyempokea mjukuu wangu wa nne alitoka darasani kwake, na aliponiona tu hospitalini alisema, Bibi, bado unatia chumvi kwenye majani? Hayo ndiyo mafanikio, mkitaka ya kuandikwa kwenye ripoti.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Mwalimu Saada alianza ualimu pamoja na rafiki zake wawili, Koleta na Eustakio. Wote watatu walikuwa na stashahada. Wenzake walikwenda chuo kikuu mapema, yeye akachukua shahada yake ya kwanza kwa masomo ya mbali, anasomea kwenye benchi la jikoni wakati watoto wanakula, akaimaliza 2008 baada ya miaka minane. Koleta akapata uzamili. Eustakio akapita hapo akafika kwenye udaktari ule usiotibu watu. Walikuwa wakimletea picha zao wamevaa majoho. Ananionyesha, ananiambia, ona Koleta alivyonenepa. Picha anairudisha kwenye bahasha, bahasha kwenye daftari, daftari kwenye mkoba, na mkoba anauwekea kiganja juu kana kwamba kuna kitu kitatoka.

Mimi niliacha shule nikaolewa. Sikuililia, kwa sababu sikujua ninachokililia ni kipi. Yeye alijua. Alijua mpaka jina la kitabu na rangi ya jengo.

Septemba 2009 naye alipata nafasi ya uzamili huko Morogoro, akasome wadudu wa maua ya mikorosho. Alikuwa na miaka arobaini na minne, akawa anasema nimechelewa, lakini si sana. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo ikaenda mjini. Habari ikavuja kama zinavyovuja habari zote za Nanjiva, na sisi ikatufikia nusu: Mwalimu Saada anaondoka.

Hatukuuliza anakwenda wapi wala kwa nini. Tulikusanyika watu kumi na mmoja, mimi nikiwamo. Tukachukua sinia la korosho zilizobanguliwa, tukachukua na jogoo, tukapanda gari la mizigo hadi mjini kumwombea asitoke. Afisa elimu aliyetupokea alikuwa mstaarabu. Akatufafanulia kwamba mwalimu hahami, ameomba kwenda masomoni miaka miwili kisha arudi. Mwenyekiti wa kamati wa wakati ule, mzee Ismaily, Mungu amrehemu, akasimama na kofia mkononi akasema:

"Masomo gani tena, mheshimiwa? Sisi tulidhani mnatuletea walimu waliokwisha kusoma. Huyu anarudi kusoma nini, amesahau?"

Tukacheka. Afisa naye akacheka. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Tukaambiwa tutasikilizwa, na kweli tulisikilizwa: ruhusa haikutoka mwaka ule, na nafasi ya chuo ikapita.

Lakini hilo si baya kuliko lililofuata. Siku tulipopata jibu tulikwenda moja kwa moja nyumbani kwake tunaimba. Tukamkuta mlangoni. Mzee Ismaily akamwambia, Mwalimu, tulia, tumekupigania, huendi popote. Tulidhani tumempelekea zawadi. Kisha akasema asanteni wazazi wangu, karibuni ndani, akakamata kuku wake mwenyewe akawapikia watu kumi na mmoja waliokuwa wamemfungia njia.

Nilikwenda uani kumsaidia. Nilimkuta amechuchumaa anapuliza moto. Moto ulikuwa umekwisha kuwaka, yeye bado anapuliza.

Nikamwuliza, "Moshi, Mwalimu?"

Akasema, "Moshi, Mama Safina."

Kuni zile zilikuwa kavu. Nilijua pale pale tulichofanya. Niliingia ndani nikala paja la kuku.

Msinitazame hivyo. Nusu yenu mnaopiga vigelegele leo, baba zenu na mama zenu walikuwa kwenye gari lile.

Tangu mwaka huo alikuwa na kile kitabu cha mwongozo wa chuo walichomtumia pamoja na barua ya nafasi. Alikivalisha karatasi ya kalenda kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Alikisoma mpaka akakijua chote: mabweni yanaitwaje, maktaba inafunguliwa saa ngapi, kutoka bwalo la chakula mpaka maabara ya wadudu unapita wapi. Mwanafunzi wake Harithi, yule wa Likunja aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake hapa, alipochaguliwa kwenda huko huko, Mwalimu alimwelekeza njia. Ukishuka getini nyoosha, ukiliona bwalo kata kulia, maktaba itakuwa mbele yako ina ngazi pana. Mtoto akaenda, akanyoosha, akakata kulia, akaikuta maktaba na ngazi zake. Aliyemwelekeza alikuwa hajawahi kukanyaga Morogoro hata kwa kupita.

Harithi alirudi likizo, akaja kushukuru. Katika mazungumzo akasema, lakini Mwalimu, bwalo la zamani wamelivunja, sasa wanakula upande wa pili. Mwalimu akasema, eh, wamelivunja? Siku hiyo hakurudi kuchukua chai yake. Alikaa stoo na mlango wazi, kama mtu aliyeletewa habari kwamba nyumba ya kwao imeanguka naye hayupo.

Kwa nini hakuomba tena? Msimwulize mnaojua. Bi Munira, mama yake, alipooza upande mmoja mwaka 2010, na kwa miaka kumi na mitatu Mwalimu alikuwa kila Ijumaa baada ya vipindi anapanda bodaboda kwenda Mandawa, Jumapili anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, Jumatatu yuko darasani. Mvua ikiharibu barabara alishuka akasukuma. Bi Munira tulimzika mwaka jana. Siku ya arobaini ilipopita, Mwalimu alitoa kitabu chake, akabandua ile karatasi ya kalenda iliyochakaa, akabandika mpya. Nikajua.

Agosti mwaka huu wamemjibu. Amepata. Harithi, ambaye sasa anafundisha huko huko, alimpigia simu akamwuliza, "Mwalimu, mimi darasani nitakuitaje?" Akamjibu, "Niite kwa namba ya usajili kama wenzangu." Koleta naye, aliyestaafu mwaka uliopita, akapiga kumtania: "Saada, sisi tunatoka wewe ndiyo unaingia?" Akamwambia, "Nilikuwa nawasubiri mnipashie kiti joto." Tulicheka jikoni mpaka uji ukafurika.

Sasa niwageukie wenye midomo. Mwalimu Eusebio wa historia, umesema ofisini kwamba Mwalimu Saada atahitimu kwa joho na mkongojo. Wewe una miaka thelathini na miwili, na ngazi tatu za ofisi ya mkuu unazipanda unahema. Kaka Saburi, mdogo wake Mwalimu, karibu Nanjiva, umetoka mbali Mandawa na tumekuandalia mbaazi za nazi unazozipenda. Lakini nimesikia unasema mwanamke wa miaka hiyo halali bweni, na kwamba mabibo yanaanguka shambani hayana mwokotaji. Mikorosho ya marehemu mama yenu haijawahi kumkimbia mtu, baba. Una mikono miwili na watoto sita. Okoteni.

Lakini midomo yenu haimtishi. Mtu aliyevuliwa vifuko vyake vikachomwa, akarudi mwaka wa pili kuvifunga, hatishwi na mkongojo wa Eusebio. Kinachomrudisha nyuma ni kile kile kilichomrudisha mwaka ule, nacho ni mapenzi yetu. Jumanne iliyopita alikuja jikoni, akakaa kwenye benchi lake. Begi liko tayari wiki nzima, tiketi anayo ya basi la Jumatatu. Akaniambia wazazi wamemfuata nyumbani na ile karatasi. Nikamwuliza umewajibu nini. Akasema, "Nimewaambia nitaona."

Nyinyi hamjui "nitaona" yake. Mimi naijua. Ndivyo alivyokuwa anamwambia mtu anayeomba kitu ambacho yeye hana lakini atakitoa.

Akazungusha kikombe. Kisha akasema, "Mama Safina, hawa watoto sabini na wawili nawaachaje mwezi mmoja kabla?"

Miaka kumi na mitano nimeitafuta nafasi ya kulipa paja lile la kuku, imekuja imekaa mbele yangu kwenye benchi, nami nikamwongezea chai. Kwa kweli na mimi simtaki aondoke. Nitakwaruzana na nani? Nani ataingia jikoni bila hodi aniibie chujio? Stoo ile tangu wiki iliyopita ameanza kuifagia na kuifunga, na kila nikipita nasimama kusikiliza upande wa pili wa ukuta. Nikimwambia baki, atabaki. Hilo ndilo linalonitia hofu. Neno langu moja tu lingetosha.

Basi nalisema hapa, kwa maandishi, ili asije akasema hakusikia. Mwalimu, nenda. Hatukuombi ubaki. Sisi watu kumi na mmoja wa gari lile, waliokufa na tuliobaki, tunakuomba utusamehe na tunakuomba uende. Wapo watakaolia kwenye sherehe hii. Walie, ni haki yao, wewe usiwabembeleze.

Kwa niaba ya watumishi wa Nanjiva, wapishi, walinzi, walimu na wanafunzi wa miaka ishirini na tisa, tunakushukuru kwa kila kipindi, kwa kila safari ya Mandawa uliyorudi kwa wakati, hata kwa chura. Mungu akupe afya, macho yasikuchoke, na maktaba ikukute na nguvu za kupanda ngazi zake. Ukimaliza, ukitaka kurudi, utatukuta. Usipotaka, tutajua uko pahali ulipopataka.

Limebaki moja, na hili namwagiza Mwalimu Fatma, wewe unayepiga chapa maneno haya. Usiruke mstari. Najua unakiogopa Kidato cha Nne. Najua una mwaka mmoja tu kazini, unajitolea, na wale wavulana wa nyuma wamekuzidi kimo. Bayolojia umeisoma, madokezo ya mwezi wote Mwalimu amekwisha kukuandikia, na yeye alipoanza hakuwa na hata hayo. Jumatatu kipindi cha kwanza ni chako. Saa mbili kamili Mwalimu atakuwa kwenye basi ameshaipita Ruangwa, anatazama saa yake, anajiuliza nani amesimama mbele ya wale watoto. Akiona hapana mtu, atashuka. Namjua, atashuka hata katikati ya pori na begi lake. Kwa hiyo ingia darasani kabla ya kengele. Andika tarehe ubaoni. Kisha, kabla hujafungua mdomo kuwafundisha, toa simu umtumie neno moja: Nimeingia.